Ndoo ya Maji Kwenye Keria

Kila nikibandika kiraka kwenye tyubu, harufu ya solusheni hunirudisha uani kwetu Isevya, mama alipokuwa anajiandaa kwenda Bagamoyo kwa baiskeli, mwendo wa siku nyingi hadi pwani.

"Mama watoto, wanaume wenyewe wanapanda basi," baba alimwambia.

Mama alifunga kwenye keria ya baiskeli ndoo ya maji isiyo na kifuniko, kama wabeba asali wa baiskeli wanavyojipima kabla ya safari, kwamba maji yasipomwagika mtu yuko tayari, akaenda kijiji cha Ntalikwa na kurudi kwa njia ile ile ya mashimo.

Alirudi gauni limelowa jasho, na maji yamepungua kidole kimoja tu. Baba alichungulia ndoo, akachota kikombe, akanywa taratibu akimtazama. Kisha akapiga magoti mchangani, akaanza kuupaka mnyororo mafuta ya cherehani, pingili kwa pingili.