Rangi za Nyumba Yetu ya Miyuji

Nyumba yetu ya kwanza, ile tuliyoinunua Miyuji tulipochoka kupanga, ilikuwa ndefu kama behewa. Aliyeijenga alikusudia kufungua maduka, lakini biashara ikamshinda kabla hajaianza, akatuuzia sisi na kurudi kwao. Kwa hiyo mbele kulikuwa na milango mitano iliyopangana, yote ikitazama barabara, na kibaraza kirefu chenye nguzo za saruji. Ndani tulitoboa kuta tukaunganisha vyumba, tukaishi vizuri tu. Shida ilikuwa nje. Mgeni akiuliza mlango wa kuingilia ni upi, mume wangu alijibu, "Wowote," na mgeni alibaki amesimama kibarazani akifikiri.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya mjini. Ni mtoto wa Dodoma mjini, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara, wakafika hapa, wakachoka kutembea, wakabaki. Mume wangu alikuwa karani wa idara ya maji, Mrangi wa Kondoa, mtu mpole ambaye hawezi kumkatiza mtu anayezungumza hata kama nyumba inaungua. Upole wake huo ulikuja kutuponza.

Miaka ile maduka yalikuwa yamefunguka. Sisi tulikulia kwenye chokaa, na kwenye ile rangi moja ya kijivu iliyopatikana kwa kujuana. Sasa ghafla mjini kukawa na duka la rangi lenye kadi yake, imejaa vipande vidogo vya rangi kama pipi, na mwenye duka anakuachia uishike utakavyo. Mimi niliishika mpaka akaniletea kiti.

Wakati huohuo, pale ofisini kwetu kulikuwa na jarida la akina mama lililopita mkono kwa mkono mpaka likakosa jalada. Humo iliandikwa kwamba kabla hujachagua rangi na mapambo, simama mbali uitazame nyumba yako mpaka uijue tabia yake, maana kila nyumba ina mtindo wake na haipendi kulazimishwa. Jumamosi moja nikavuka barabara, nikasimama, nikaitazama.

Jirani yangu, mama mmoja mwenye genge la nyanya na vitunguu, akaniita, "Jirani, umefungiwa nje?"

"Hapana. Naitazama nyumba."

"Imefanya nini?"

Nikamweleza habari ya mtindo na tabia. Akaitazama naye, kichwa upande, kwa heshima kabisa. Kisha akasema, "Mimi naona ni ndefu."

Mimi niliona ni nyumba tulivu. Nikachagua buluu nyepesi ya anga la asubuhi, na juu yake nyeupe. Mume wangu hakupinga, ila aliomba chini tupake ukanda wa buluu iliyokolea, kwa sababu vumbi jekundu la Dodoma hupanda ukutani mpaka magotini. Fundi rangi akaja na brashi zake, akafanya kazi safi, mistari imenyooka. Alipomaliza tulisimama barabarani sote watatu. Nilikuwa na furaha kama siku ya harusi yangu, ila safari hii viatu havikunibana.

Asubuhi ya pili nilifungua mlango, nikamkuta mwanamke ameketi kibarazani na mtoto mgongoni.

"Habari za asubuhi, dada," akasema. "Daktari ameshafika?"

"Daktari gani?"

"Yeyote tu. Mtoto ana kikohozi."

Nikamwelekeza zahanati ilipo. Akashangaa. "Kumbe ile bado ipo? Nilidhani ndiyo mmehamia huku."

Nilipogeuka kuitazama nyumba yangu, nikaona alichokiona yeye. Buluu, nyeupe, ukanda wa chini, milango mitano, kibaraza cha kusubiria. Kilichokosekana ni mizani ya kupimia watoto.

Walikuja kila siku. Wengine nikiwaeleza walicheka na kwenda zao, lakini wazee hawakuamini upesi. Mzee mmoja alinitazama juu mpaka chini akasema tunafichiana dawa wenyewe kwa wenyewe. Na wakati nambembeleza, mume wangu akatokea mlango wa tatu akiwa na kanzu nyeupe, ametoka kuswali, mswaki mkononi.

"Ndiye huyo!" wakasema walioketi.

Mzee akamfuata akaanza kueleza habari za goti lake. Mtu mwingine angesema, samahani mzee, mimi ni karani. Mume wangu alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, mpaka mzee alipotua kupumua. Ndipo akauliza, kwa adabu tu, kama tunavyoulizana sote, "Lilianza lini?"

Basi. Habari ya goti ikaanza upya, tangu mzee alipokuwa shule. Mwisho mzee akauliza afanye nini, na mume wangu, ambaye elimu yake yote ilikuwa ya bomba na koki, akamwambia anywe maji mengi na apumzike. Baada ya siku kadhaa mzee alirudi anatembea vizuri, na jogoo kwapani.

"Daktari, goti limepona."

"Mzee wangu, mimi si daktari."

"Ndiyo maana nakupenda, huna majivuno," akasema mzee, akamfunga jogoo kwenye nguzo.

Tukaamua kuweka tangazo ukutani. Tukamwita tena fundi rangi tukamwambia aandike: HII SI ZAHANATI. Fundi alikuwa mtu wa kupenda mambo yakae katikati. Akaanza na neno refu, ZAHANATI, akalipanga barabara katikati ya ukuta, kwa herufi ambazo ungezisoma ukiwa Kondoa. Kisha yale maneno mengine mawili akayabana juu, kidogo, karibu na paa, kwa vile nafasi ilikuwa imekwisha. Kesho yake wagonjwa waliongezeka. Mmoja alikuja na barua ya rufaa.

Nikasema basi, rangi ibadilishwe. Safari hii nilichagua kwa akili. Nilikaa na ile kadi ya duka nikaipitia nikijiuliza: hii inatumiwa na nani? Kijani kibichi, shule. Nyekundu na nyeupe, baa. Krimu na kahawia, gesti. Nikafika kwenye rangi ya chungwa, chungwa lililoiva hasa, nikaona hakuna ofisi yoyote chini ya jua inayoweza kujipaka rangi hii na bado ikaheshimika. Milango nikaitaka ya zambarau. Fundi aliniuliza mara mbili kama mume wangu anajua.

Nyumba ikawaka. Ng'ombe waliokuwa wakipitishwa asubuhi walisimama, mchungaji akalazimika kuwapigia mluzi. Lakini wagonjwa waliacha kuja, mimi nikalala usingizi.

Sasa, miaka ileile ndiyo vyama vipya vya siasa vilikuwa vinachipua kama uyoga baada ya mvua. Kila wiki ulisikia kingine, kina bendera yake na saluti yake. Sisi hatukuwa tukifuatilia. Tungefuatilia tungejua.

Jumapili moja pikapu yenye kipaza sauti ilipita, ikapunguza mwendo, ikarudi kinyumenyume. Akashuka bwana mmoja mwenye suti na mkoba, akasimama mbele ya nyumba. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Mume wangu alikuwa kibarazani anasafisha redio.

"Ndugu yangu," yule bwana akasema, "hata hatujafika, tayari mmeanza wenyewe!"

"Karibu," mume wangu akajibu.

"Rangi kamili! Milango kamili! Wenzetu wa mikoa mingine wanangoja kuletewa, ninyi mmejipaka." Akamkumbatia. "Tawi hili litakuwa mfano. Alhamisi naleta bendera."

Hapo ndipo mume wangu alipoelewa. Akaiweka redio chini. "Ndugu, mimi ni mtumishi wa serikali."

Yule bwana akatazama kulia, akatazama kushoto, akasogea sikioni pake. "Naelewa. Kimyakimya."

"Si kimyakimya. Hakuna kitu. Mke wangu ndiye aliyechagua rangi."

"Na akina mama pia!" akasema yule bwana kwa sauti, akapanda pikapu, wakaondoka wakiimba.

Mume wangu hakunisema. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikunywa chai akaitazama birika. Jumatatu bosi wake alimwita, akamfungia mlango, akamwuliza kwa upole kama kuna jambo lolote analotaka kumweleza. Alirudi nyumbani amekunja uso, akasema, "Tupake matope."

Kabla hatujapaka chochote, mama mkwe akafika kutoka Kondoa. Alikuja kututembelea kama alivyofanya kila mwaka baada ya mavuno, ila nyumba hii alikuwa hajaiona. Mwanawe alikuwa kazini. Mimi nilikuwa na likizo, nimeketi kibarazani nachambua mchele, nimevaa ile miwani yangu ya kupigia chapa. Nikamwona bibi amejitanda vizuri, na kikapu kichwani, anapita. Akarudi. Akapita tena. Macho yake ya mbali hayakuwa mazuri, na jua lilikuwa limenikalia nyuma. Mwisho akasimama barabarani, akatua kikapu, akakunja magoti kidogo kwa heshima.

"Hodi hapo ofisini! Shikamoo, mama!"

Jamani. Mama mkwe wangu ananipa shikamoo. Nilirusha ungo, mchele ukamwagika wote, nikakimbilia barabarani karibu nianguke miguuni pake.

"Mama, ni mimi! Shikamoo! Shikamoo, mama!"

Akanitazama karibu. "Ni wewe? Sasa kazi hii umepata lini?"

"Si kazi, mama. Ndiyo nyumba."

Akaitazama nyumba ile kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya kikapu chake, na jirani wa genge akaja kuona kuna nini, akacheka naye bila kuambiwa.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kukaa bure. Kesho yake alikusanya kila nguo iliyokuwamo ndani, chafu na safi, akafua. Uani kwetu kulikuwa na mti ambao ndege walilala juu yake, na kila nilichoanika pale nilikifua tena. Yeye hakutaka kujua. Alichukua kamba, akaifunga kutoka nguzo ya kwanza ya kibaraza mpaka ya mwisho, mbele ya milango yote mitano, akaanika. Mashuka. Kanga. Foronya zangu za maua. Na katikati kabisa, pale ambapo fundi alikuwa ameandika ZAHANATI, singilendi za mwanawe na zile bukta zake ndefu za ndani, zenye mistari, alizozivaa wakati wa baridi ya mwezi wa saba.

Mume wangu alirudi kutoka kazini akaziona toka mbali. Alikimbia.

"Mama! Barabarani?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, mama. Lakini barabarani?"

"Zimefuliwa," akasema mama yake. "Tena zimenyooka. Wengine hawana."

Alitaka kuzitoa, mama akamtazama, akaziacha. Na ndivyo zilivyokuwa zikipepea mchana uliofuata, ile pikapu ilipokuja na bendera. Mimi nilikuwa ndani nachungulia dirishani. Yule bwana wa suti alishuka, bendera imekunjwa kifuani kama mtoto. Akakaribia. Upepo wa Dodoma unajulikana. Ukavuma, bukta moja ikajaa ikawa kama puto, ikamgusa uso. Akarudi nyuma hatua moja. Akaitazama bukta, akaitazama milango, akamtazama mama mkwe aliyekuwa amekaa chini anamenya karanga.

"Samahani, mama," akasema. "Hapa ni nyumbani kwa mtu?"

"Unaona ni wapi?" mama mkwe akamjibu. "Karibu karanga."

Alikula karanga kidogo, kwa adabu, kisha akaondoka bila kuimba. Hakurudi. Wala hakuna aliyekuja tena, si mgonjwa, si mwanachama. Watu walipita, wakaona mashuka, wakajua humu wanakaa mtu na mkewe. Mume wangu alitembea siku nzima akijaribu kuona kosa katika jambo hilo, akalikosa. Habari ya kupaka matope ikafa.

Mama mkwe alikaa mpaka mwezi ukaisha, akarudi Kondoa na jogoo wetu. Kamba akaiacha. Hapo ndipo nilipoanza kazi yangu ya kweli ya mapambo. Niligundua kuwa shuka jeupe linapendeza sana mbele ya ukuta wa chungwa, lakini la pinki linagombana nalo. Kijani kinatulia karibu na mlango wa zambarau. Foronya zikipangwa kubwa kwa ndogo, nyumba haionekani ndefu tena, hata jirani alikubali. Nikawa naenda mnadani kwenye mitumba, napekua marundo nikiwa na kipande cha mbao chenye rangi ya nyumba mkononi, nalinganisha. Wauzaji walidhani nina kichaa kidogo, wakanipunguzia.

Mume wangu alizoea, ila si yote. Nakumbuka asubuhi moja alisimama kibarazani na taulo kiunoni, amechelewa kazini, mkono umenyooshwa kwenye kamba kuchukua shati lake la buluu.

"Hilo liache," nikamwambia. "Likitoka hapo, upande wote wa kulia unakuwa mtupu."

"Nivae nini?"

"Kuna la kijivu kabatini. Halifai kitu hapa nje."

Akalivaa.