Mkate wa Mayai Uliopikwa Msibani

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikikaanga vitunguu. Wewe umenijia na simu yako mkononi, unataka nikuelekeze mkate wa mayai na viazi, eti uwaandalie wakwe kifungua kinywa wakija Jumapili. Nitakuelekeza. Lakini mimi chakula hiki siwezi kukieleza bila kueleza siku niliyolishwa mara ya kwanza, na siku hiyo haikuwa ya furaha. Basi weka simu hapo, shika viazi, unisikilize. Usivimenye! Vinachemshwa kwanza na maganda yake, mpaka kisu kiingie kwa shida kidogo. Unaona haraka zenu hizo.

Nilikuwa na umri kama wako. Tulipanga chumba na sebule Tandika, mimi na mume wangu wa kwanza, Shabani, na mtoto wetu, Rehema, ambaye alikuwa bado hajajua kukaa. Shabani alikuwa fundi seremala Keko, mtu wa makabati na vitanda, akirudi jioni ana vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Akaugua homa. Tukadhani itapita kama zilivyopita nyingine, nayo haikupita. Alifariki alfajiri, akazikwa alasiri ya siku hiyohiyo, na ilipofika magharibi nilikuwa nimeketi kwenye godoro lililotandikwa chini, nimejifunika kanga, naitwa mjane. Kila walipolitaja neno hilo nilihisi wanamsema mtu mwingine.

Misiba yetu unaijua. Turubai likafungwa mbele ya nyumba kwa ajili ya wanaume, wanawake wakajaa ndani mpaka uani. Na chakula kilikuja, siwezi kuwasingizia watu. Asubuhi ilikuja chai ya maziwa, maandazi na mihogo ya kuchemsha, mchana ukaja wali. Nikiwa chumbani nyuma ya pazia nilisikia kila hotpoti likipokewa mlangoni. "Peleka mbele, peleka kwa wageni." Likipelekwa mbele halirudi, au linarudi tupu. Hakuna aliyekusudia kuninyima. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshaniletea.

Nami sikusema. Shangazi yangu Kidawa, ambaye ndiye aliyekuwa anasimamia eda yangu, alikuwa ameninong'oneza tangu siku ya mazishi: "Zaina, jikaze. Usionekane unatafuna mbele za watu. Watasema mume hata kaburi halijakauka, mwenzangu yuko kwenye sahani." Nikaitikia. Mtu akiniletea kikombe cha chai nilikunywa funda moja nikakiweka chini. Basi wakanisifu. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake pale kwenye pazia, "Masikini, huyu alimpenda mumewe, hata tonge hagusi." Usinicheke, mwanangu, lakini sifa ile niliishika kwa mikono miwili. Nilikuwa nimenyang'anywa kila kitu, nikaona angalau nimebakiwa na jina la mke mwema.

Rehema ndiye hakuwa na habari na sifa. Alikuwa akinyonya kidogo, anaachia, analia, anarudia tena ziwa, anaachia tena. Wanawake wakawa wanatikisa vichwa. "Kitoto kinamlilia baba yake hicho." Nami nikaamini. Nikawa namkumbatia na kulia naye, tunalizana wawili pale chini, kumbe mwenzangu analia njaa.

Sasa nikwambie kuhusu mama mkwe wangu. Jina lake Bi Mwajuma, mtu wa Kimbiji, mwembamba, mikono migumu kwa jembe. Alifika kwetu siku moja kabla Shabani hajafariki, na tangu mazishi alikuwa amekaa kwenye kona ya chumba changu, mgongo ukutani, hasemi. Wala hakulia. Wanawake walilitia maanani hilo. Kuna waliosema ana moyo wa jiwe, na hawakushusha sauti walivyotakiwa. Mimi mwenyewe, kwa uchungu niliokuwa nao, nilimtazama nikawaza, huyu naye ni mama gani?

Asubuhi ninayokusimulia, matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa. Kilio cha Rehema kilibadilika. Kilikuwa hakina nguvu tena, kimekuwa cha kukwaruza, kinakatika katikati. Bi Mwajuma akainua kichwa. Akaja, akamchukua mtoto, akamtazama midomo, kisha akaniminya ziwa bila hata kuniomba ruhusa. Halikutoa kitu.

"Jana umekula nini?"

"Chai, mama."

"Na juzi?"

Nikavuta kanga nikajifunika kifua. Akanirudishia mtoto, akatoka nje.

Baada ya kitambo nikasikia harufu ya vitunguu. Dirisha la chumba lilitazama uani, nikasogeza pazia kidogo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameshawasha jiko la mkaa, sufuria ya mafuta iko juu, na wanawake wote wamenyamaza wanamwangalia. Hapo ujue kwetu mfiwa hawashi jiko. Mfiwa anapikiwa. Mama aliyezika mwanawe kukaanga vitunguu msibani, vinukie hadi kwenye turubai kama kuna karamu, lilikuwa jambo la kusimuliwa Temeke nzima. Shangazi Kidawa akamwendea mbiombio.

"Mama Shabani, inuka, mwaya. Watu wapo wa kupika."

"Watu wapo," akamjibu, "nawaona."

Akaendelea kugeuza vitunguu. Navyo ndivyo vya kuanza navyo, mwanangu: vitunguu viwe laini, visiwe vyeusi, halafu nyanya, hoho kidogo, na bizari ya manjano ya kushika rangi. Wengine wanatia nyama ya kusaga. Siku ile haikuwepo. Akamenya viazi vilivyokwisha kuchemka, akavikata duara duara, akavipanga kwenye sufuria ndogo iliyopakwa samli, akamwagia ule mchuzi mzito. Kisha akaingia ndani, akachutama, akavuta kikapu kutoka chini ya kitanda.

Kilikuwa kikapu cha mayai ya kienyeji, yamefukiwa kwenye pumba za mpunga yasipasuke njiani. Alikuja nayo kutoka Kimbiji kwa ajili ya Shabani. Mkate huu alikuwa akimpikia tangu mtoto, kila akitoka kwenye homa, na safari hii alitaka ampikie apate nguvu. Alimkuta bado anapumua, ila hakuwahi kumpikia. Niliona anavyoyatoa moja moja, analipangusa kwa upande wa kanga, analipasua kwenye bakuli, ananusa, ndipo analichanganya na wenzake. Alikuwa na utulivu ulionitisha. Akayapiga mayai na chumvi, pilipili manga na maziwa kidogo, akayamimina juu ya viazi, akafunika kwa mfuniko wa bati. Akapunguza moto wa chini mpaka ukabaki mdogo sana, ule mwingine akaupalia juu ya mfuniko.

Nyie leo mna oveni, sawa, sina ugomvi nazo. Lakini sheria ni ileile. Moto mdogo, na usifunue kila dakika kama unamchungulia mgeni. Shangazi alitaka kufunua, akasema kimeshaiva hicho. Bi Mwajuma akamshika mkono. "Ukifunua saa hizi, katikati kitabaki maji." Akakaa hapo hapo, kidevu amekiegemeza kwenye goti, mpaka aliposikia harufu aliyokuwa akiingojea.

Mkate ulipotoka ulikuwa umeumuka, umekuwa na rangi ya dhahabu juu, na pembeni umejiachia wenyewe na sufuria. Mwanamke mmoja akaja na sinia. "Tupe tupeleke mbele, wazee hawajapata cha maana tangu alfajiri."

"Hiki hakiendi mbele."

Akaingia chumbani na sufuria yake, akawatoa wote waliokuwamo, akafunga mlango. Kwenye msiba! Akaketi mbele yangu, akakata kipande, akanipa.

"Kula."

"Mama, sina hamu."

"Sijakuuliza hamu."

"Watu watasema."

"Watasema, Zaina. Wakishamaliza kusema kila mtu ataenda kwake, wewe utabaki na huyu." Akamwonyesha Rehema kwa kidevu. "Unamfurahisha nani ukikaa na njaa? Shabani? Mie ndo nilomzaa Shabani, na mie ndo nilomzika. Na nimekula. Hujanishinda uchungu wewe, usijidanganye."

Hakuna mtu aliyewahi kunikaripia vile, na wala sijawahi kukaripiwa na mtu mwenye haki zaidi ya yule. Nikala. Mwanangu, kilichoniuma ni kwamba kilikuwa kitamu. Viazi vilikuwa laini, mayai yameshikana, samli inanukia, na mwili wangu ukakipokea kwa pupa kana kwamba haukupewa taarifa ya msiba. Nilijichukia. Nikawa natafuna huku machozi yananichuruzika mpaka kwenye chakula, naye anasubiri nimeze, anakata kingine, ananipa. Hakunibembeleza wala hakunifuta machozi.

Niliposhiba akasimama ili atoke. Akayumba. Akashika kabati, lile Shabani alilonitengenezea tulipooana, akasimama hapo kafumba macho. Ndipo nilipomwangalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, nikaona jinsi mashavu yalivyoingia ndani na midomo ilivyopasuka.

"Mama, umekula kweli wewe?"

"Nitakula."

Nikakata kipande, nikamsogezea. Akageuza uso ukutani.

"Haya ni yake," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo. "Nilimletea yeye. Yatapita wapi kwenye koo langu?"

Kumbe alinidanganya. Tangu mwanawe alipozidiwa hakuwa ametia kitu mdomoni, naye hakuna aliyemwuliza, kwa sababu hakulia, na asiyelia watu humwona mzima. Yale mayai alikuwa ameyapika kwa mkono ambao ulitaka kuyatupa. Nilimvuta akaketi tena kwenye godoro, nikamwekea Rehema mapajani, nikamtia kile kipande mdomoni kwa mkono wangu. Alikishikilia muda mrefu bila kutafuna. Kisha akatafuna. Kisha akalia, na kilio chake kilikuwa kikubwa hata wanawake wakaja mbio, wakasukuma mlango. Shangazi Kidawa akatukuta sote wawili tunalia na chakula mdomoni. Alitutazama, akawarudisha wenzake, akavuta mlango polepole.

Maziwa yangu yalirudi, ingawa hayakurudi siku ile wala iliyofuata. Rehema alipona, unamjua, ndiye dada yako mkubwa anayekusumbua na simu kila Ijumaa. Bi Mwajuma alirudi Kimbiji matanga yalipokwisha. Hakuishi sana. Habari ya kifo chake ilinikuta ningali ndani ya eda, wakaniambia siwezi kutoka, nikae. Nikakaa. Siku ya kumzika mtu aliyenilisha, mimi nilikuwa Tandika natazama ukuta.

Nilipotoka eda nikaenda Kimbiji moja kwa moja kumwona wifi yangu Asha, binti yake, aliyemuuguza mpaka mwisho. Alinipokea amekonda, kanga inamzunguka mara mbili. Nikamwuliza, "Wifi, siku za msiba ulikula?" Akanitazama kama nimemsemesha lugha ngeni. Chakula, akasema, kilikuwa kingi, watu walileta mno, kingine kilimwagwa. Nikamwuliza tena kama yeye alikula. Hapo akakaa chini kwenye mchanga, akasema nilikuwa mtu wa kwanza kumwuliza. Nikaingia jikoni kwake nikawasha moto.

Basi mwanangu, mapishi umeyapata, na wakwe zako watakusifu, nami nitafurahi. Lakini ninalotaka ulishike ni jingine. Ukipeleka chakula kwenye nyumba yenye huzuni, usikiache mlangoni ukadhani umemaliza. Ingia mpaka alipo mwenye msiba. Kaa chini, hata kama umevaa nguo nzuri. Mtie chakula mkononi, umtazame akimeza, usiondoke kwa sababu amekuambia ameshakula. Halafu geuka umtafute yule aliyekaa kimya, yule anayesemwa ana moyo mgumu, naye umpe. Na ikiwa msiba ni wako, kula. Usione haya. Kula huku unalia, kula huku wanakusema. Anayekupenda kweli, aliye juu ya ardhi na aliye chini yake, hafaidiki chochote na njaa yako.

Mungu ailinde nyumba unayokwenda kuijenga. Awape wakwe zako ulimi mwema na watoto wako afya. Ningekuombea usipatwe na msiba kamwe, ila nimeishi vya kutosha kujua dua hiyo hapewi mtu. Basi nakuombea hili: siku itakapokufika, asikosekane mmoja wa kuketi karibu yako, asiyekuogopa, na asiondoke mpaka umeshiba. Amina. Haya, epua viazi hivyo.