Siku Ogwedhi Ilipotolewa Darasani

Mwalimu Leonida alihamishwa kutoka Magunga hadi Ogwedhi mwaka wa tisini na nne, na jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba watoto wa darasa la nne walikuwa waimbaji hodari. Ukitaja saba tu, walikuimbia jedwali zima la saba kwa Kiingereza, sauti moja, bila kumeza mate, mpaka mabati yakatetemeka. Lakini ukimkamata mmoja peke yake, ukamuuliza saba mara nane ni ngapi, anakukodolea macho. Ili apate jibu ilimlazimu aanze wimbo mwanzo. Wengine walipotea katikati, wakaanza upya huku machozi yakiwalenga, maana mwalimu aliyetangulia alikuwa na fimbo na hakuwa mvivu wa kuitumia.

Leonida hakuwa na mkono wa fimbo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwingi wa maneno, kicheko chake kiko karibu, na alidhani maneno yangetosha. Wapi! Alieleza, akachora, akapanga vifuniko vya soda juu ya dawati, na majaribio ya Ijumaa bado yalimrudisha nyumbani kichwa kinamgonga.

Basi siku moja mvua ikanyesha, mvua ya kupiga mabati hata mtu hasikii sauti yake mwenyewe. Leonida akaweka chaki chini, akaketi. Watoto wakasogeleana nyuma ya darasa, Wajaluo, Wakuria, Wamaasai, wote kwa Kiswahili chao cha sokoni, wakaanza kutegana vitendawili. Anayeshindwa hutoa mji. Aliyetega huupokea, husafiri kwa maneno, husimulia alivyokaribishwa huko, kisha ndipo hufichua jibu. Mchezo huo Leonida aliujua tangu utotoni. Kilichomshika ni uso wa mvulana mmoja, Cephas, alipolazimika kutoa Kisumu. Mtoto hajawahi kukanyaga Kisumu, lakini aliitoa kwa uchungu kama mtu anayeuza ng'ombe wake wa maziwa.

Usiku ule Leonida hakupata usingizi kwa furaha. Asubuhi alibandika katoni ukutani, akaandika miji ya Kenya, akamgawia kila mtoto mji wake.

"Kitendawili!" akaita.

"Tega!"

"Sita mara tisa!"

Darasa likalipuka. Sheria zilikuwa chache. Ukishindwa, unatoa mji. Mji uliotolewa haurudi kwa kuombwa. Unategwa tena, na ukijibu ni wako. Anayejibu ndiye anayetega kinachofuata. Miji mikubwa ilipokwisha wakaingia kwenye masoko, Rongo, Kehancha, Kilgoris, hata Osiri kwa wachimba dhahabu, na palizuka ugomvi mkali kwamba mwenye Osiri ametajirika kuliko mwenye Nairobi.

Kilichofuata Leonida hakukiamini kwa macho yake. Siku ya mnada wa mifugo aliwakuta wavulana wameshika kamba za ndama, wanategana nane mara sita huku baba zao wakibishana bei. Nyamhanga, ambaye tangu mwaka uanze alikuwa anasomea dirishani, macho nje, alimpita na mbuzi zake akinong'ona tisa mara nne, tisa mara nne, kama anasali. Leonida alisimama pale na kikapu chake, akasahau alichokuja kununua. Alitaka kumshika mtu yeyote mkono amwambie tazama, tazama hawa watoto!

Lakini aliyemtisha kabisa, kwa maana nzuri ya kutisha, alikuwa Sumeya, binti ya Faruk mwenye duka la sukari na vitambaa pale senta. Familia yao ilitoka Isiolo. Mtoto huyo alikuwa mkimya kupindukia, na tangu Leonida afike hakuwahi kuinua mkono. Sasa aliteka Nakuru, akateka Mombasa, na safari zake zilikuwa za kusikilizwa. Alifika Mombasa akalishwa mahamri, Nakuru akakuta flamingo wanagombana. Watoto walikuwa wakishindwa makusudi ili wamsikie, na Leonida akajifanya haoni.

Ikafika siku Cephas akaishiwa na miji yote. Sumeya akamtega nane mara saba. Kijana akatoa jasho, akatazama dari, akatazama viatu ambavyo hakuvaa.

"Nakupa Ogwedhi," akasema.

Darasa zima likavuta pumzi. Leonida akacheka. Sumeya akasafiri kwa adabu kubwa: "Nilienda Ogwedhi, watu wakanipa maziwa ya moto, wakaniambia jibu ni hamsini na sita."

Ilikuwa siku ya mnada. Cephas alifika sokoni analia, akamwambia mama yake, Priscilla, aliyekuwa akiuza kamba za ng'ombe, kwamba Ogwedhi imechukuliwa na kina Faruk. Hakudanganya. Alisahau tu kusema kwamba ni mchezo. Na miaka ile watu walikuwa wameshasikia habari za wenzao kufukuzwa mashambani kwingineko nchini, hata huko Narok, na mpaka wa Narok ni pua na mdomo. Kufikia jioni ilikuwa inasemwa kwamba Faruk amenunua senta nzima, choo cha soko kikiwemo. Asubuhi hakuna mguu uliokanyaga dukani kwake.

Kabla ya saa nne Faruk alikuwa mlangoni pa darasa la nne, ameshika mkoba wa nguo za binti yake. Nyuma yake Priscilla, na nyuma ya Priscilla mwalimu mkuu, Bwana Nyabuto, mtu aliyeogopa kelele kuliko nyoka.

"Madam, nimekuja kumchukua mtoto," Faruk akasema. "Nimekaa hapa tangu huyu abebwe mgongoni. Jana nimeitwa mnunuzi wa nchi za watu. Ataenda Isiolo kwa shangazi yake. Huko hakuna atakayemuuliza kwao ni wapi."

Leonida akaitazama katoni ukutani. Msichana ndiyo kwanza amepata sauti, na sasa anang'olewa kwa sababu ya katoni aliyoibandika yeye.

"Yawa, Madam, mimi sina shida na Baba Sumeya," Priscilla akasema. "Sukari yangu natoa kwake. Lakini hii mtoto yangu imelia usiku yote. Imepeana kwao!"

"Ni mchezo, Mama Cephas. Ni hesabu tu."

"Sumeya," Nyabuto akaingilia, "rudisha hiyo Ogwedhi ya watu tumalize haya maneno."

Sumeya akasimama. "Mwalimu, mji haurudi hivyo. Ajibu."

Nyabuto akamtazama Leonida.

"Kitendawili," Sumeya akasema.

"Tega," Cephas akajibu kwa shida.

"Nane mara saba."

Midomo ya Cephas ikaanza kucheza. Leonida aliuona wimbo wa zamani ukimjia, nane mara moja, nane mara mbili, na akatamani amzibe masikio. Kisha midomo ikatulia. Kijana akainua uso.

"Hamsini na sita."

Darasa likapasuka kwa vifijo. Priscilla akapiga kigelegele kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Nyabuto naye alipiga makofi mara mbili, akajikohoza.

Lakini sheria ni sheria. Sasa zamu ya kutega ilikuwa ya Cephas, na furaha ilimjaa hata akatega la kwanza lililomjia.

"Kitendawili! Tano mara tano!"

Watoto wakacheka. Hilo hata darasa la kwanza wanalo. Sumeya hakucheka. Alimtazama baba yake, akautazama mkoba alioushika baba, akanyamaza. Kicheko kikafa kidogo kidogo. Leonida alijua, na kila mtoto mle ndani alijua, kwamba Sumeya analo jibu.

"Basi nipe mji," Cephas akasema polepole.

"Nakupa Isiolo."

Cephas alikuwa msafiri duni, safari zake zote huishia kwenye chakula. Safari hii alifikiri kwanza, akafuta pua kwa kiganja.

"Nilienda Isiolo," akaanza. "Nikakuta ngamia. Nikauliza watu, Sumeya ako hapa? Wakasema hapana, huyo hayuko, huyo ni wa Ogwedhi. Wakaniambia jibu ni ishirini na tano."

Leonida aligeukia ubao, maana machozi yalikuwa yamemtoka mbele ya mwalimu mkuu na hakujali. Nyuma yake alimsikia Faruk akivuta pumzi ndefu.

"Isiolo imeshachukuliwa," Faruk akamwambia Priscilla. "Sasa huyu mtoto nimpeleke wapi?"

"Muache kwao," Priscilla akasema, akaupokea mkoba mkononi mwa Faruk, akauweka juu ya dawati la Sumeya.