Mlango Ukifungwa, Umefungwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima, na Msimamizi wa Ukumbi akaniambia nivivue. "Vinapiga kelele," alisema. "Hapa kelele ni ya jukwaani peke yake." Basi kazi yangu ya kwanza ya mshahara niliianza miguu mitupu, juu ya sakafu baridi ya saruji, katika ukumbi wa jamii mjini Kitui, miaka ya sitini ikielekea kuisha. Nilikuwa nimeolewa juzi juzi tu. Nilijua kusoma, na sauti yangu ilikuwa ikisikika ng'ambo ya bonde. Nadhani niliandikwa kwa sababu ya sauti hiyo, kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya kunyamazisha.

Msimamizi alikuwa mzee aliyepigana vita vya Wazungu huko ng'ambo, mtu wa maneno machache. Alinipeleka mlangoni akanionyesha komeo, chuma kirefu kilichopita mlango wote.

"Kazi yako si kufungua," aliniambia. "Kufungua hata upepo unafungua. Kazi yako ni kufunga. Kengele ya kwanza, watu waingie. Kengele ya pili, wakae. Kengele ya tatu, unasukuma komeo, na mlango ukifungwa, umefungwa. Aliyechelewa atangoja mchezo uishe au wafike mapumziko."

"Hata kama ni nani?"

"Hata kama ni mimi."

Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye boriti, nami niliipiga kwa nondo. Watoto wa mji walinibandika jina la Mama Komeo kabla mwezi haujaisha. Sikukasirika. Wengine walibandikwa mabaya zaidi.

Sasa, vijana, mnadhani wazee wetu walikuwa washamba wasiojua kukaa ukumbini. Acheni hiyo. Sisi Wakamba ngoma zetu hazikuwa na watazamaji. Aliyesimama kando alikuwa anangoja zamu yake ya kuingia. Halafu unamweka mtu huyo kwenye benchi, unamwambia watu wanapiga kelele na kulia mbele yake lakini yeye anyamaze. Ni lazima afundishwe, na kufundisha ndiko kulikuwa kazi yangu.

Siku ile ya kwanza kikundi cha walimu kiliigiza habari za mume anayeiba mbegu za mkewe akauze, anywe pombe. Mvua zilikuwa zimekaribia, kila nyumba imeweka mbegu zake kwenye kibuyu, kwa hiyo habari ile iliwagusa watu pabaya. Mke akaingia jukwaani akauliza, "Nani amechukua kunde zangu?" Ukumbi mzima ukamjibu: yuko nyuma ya pipa. Mwigizaji wa kike alijifanya hasikii. Bibi mmoja wa benchi la mbele akaona huyu mama ni kiziwi, akapanda jukwaani na kumshika mwizi sikio.

Msimamizi aliniangalia tu. Nikapanda. Nilijua nikimvuta yule bibi, watu watakuwa upande wake, na haki yao. Nikamwinamia nikamwambia polepole, "Mwaitu, mama yangu, ukimshika wewe sasa hivi hatutamwona mkewe akimshika. Tukae tumwone akiaibika." Akafikiri. "Atashikwa kweli?" Nikamwambia nimeona mazoezi asubuhi ile, atashikwa. Akaliachia sikio, akashuka, na akakaa kimya mpaka mwisho akisuka kiondo chake. Huo ndio ufundi wote, sina mwingine. Mtu anayevuruga mchezo mara nyingi anaogopa kwamba mwisho hautafika. Mhakikishie utafika.

Wenye kutafuna miwa na kutema makapi chini, hao sikuwahakikishia kitu. Niliwanyang'anya.

Kelele nyingine niliziacha. Kucheka niliacha, kuguna niliacha, hata yule anayesema "Ole wako" mwovu akipita. Mwigizaji anakula hiyo. Nilichokataa ni kuingia na kutoka. Mlango ukifunguka, mwanga wa jua unakata giza la ukumbi, kila shingo inageuka, na yule aliyekuwa akilia jukwaani anabaki analia peke yake.

Baadaye nilitumwa nizunguke na kikundi kwenye masoko, na kituo chetu cha kwanza kilikuwa Tulia. Huko hakukuwa na mlango wala ukuta. Nilifunga kamba kati ya miti nikasema huo ndio mlango. Watu walicheka, kisha wakaiheshimu, isipokuwa mbuzi. Ninamkumbuka mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Mwislamu kutoka upande wa kaskazini mashariki, aliyenijia kabla ya kengele ya kwanza akauliza, "Mama, mapumziko yataanguka wakati gani? Nina sala." Nikamwambia. Alitazama nusu ya kwanza, akaenda kusali wakati wa mapumziko, akarudi kabla ya kamba kufungwa. Mchezo wenyewe ulikuwa wa Kikamba mtupu, sijui alielewa nini. Lakini nikisikia mtu wa hapa hapa akisema hangeweza kungoja, huyo mgeni ndiye ninayemkumbuka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ukumbi wa Kitui ulikuwa na mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule, kila mwaka. Shule moja ya wasichana kutoka upande wa Tulia ilileta mchezo juu ya binti anayetolewa shuleni ili aozwe. Aliyeigiza binti aliitwa Ndinda, mwembamba, mweusi tititi, na akipanda jukwaani humwoni tena yeye, unamwona yule binti. Mbele ya baba yake alilia machozi ya kweli. Nilikuwa mlangoni, na mimi nikafuta macho kwa pembe ya leso.

Hapo ndipo mgeni rasmi alipofika. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa ambaye ndiye aliyetoa kikombe cha mashindano. Alikuwa amechelewa sana, na amekuja na kundi lake. Mwenye kuongoza shughuli aliniamuru nifungue, nikafungua, kwa sababu nilikuwa bado naogopa. Watu wote wakasimama. Hotuba ya kumkaribisha ikasomwa. Kisha wasichana wakaambiwa waanze upya kutoka mwanzo, ili mgeni asikose kitu.

Walianza upya. Ndinda alifika mahali pale pa kulia, na machozi hayakuja. Akasahau maneno, akasimama katikati ya jukwaa mikono imening'inia, na wavulana wa nyuma wakapiga miluzi. Walikuwa wa mwisho. Baadaye nilimkuta nyuma ya pazia na mwalimu wake. Mwalimu alikuwa akimwambia kwamba mwalimu mkuu ametoa neno: wakishindwa tena hivi, kikundi kinavunjwa, kwa kuwa ni kupoteza wakati wa masomo. Ndinda hakuwa akilia. Alisema tu, "Nilikuwa nimekaribia mwisho, mwalimu." Maneno hayo niliyabeba mwaka mzima.

Mwaka uliofuata walirudi na mchezo uleule. Na mgeni rasmi alikuwa yuleyule. Msimamizi wangu wa zamani alikuwa amestaafu, kwa hiyo nilienda kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii, mkubwa wetu wa ofisi, kijana wa tai. Nikamuuliza kama sheria ya mlango ni ya wote.

"Ni ya wote," akasema, "lakini tumia akili."

"Akili nimeitumia, ndiyo imenileta kwako."

Alinitazama, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Mama, mimi leo sikukuona. Ukifukuzwa, sikukwambia ufunge. Usipofukuzwa, sikukwambia ufungue."

Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu kwamba huenda kesho nikakosa kazi. Akaniuliza kwa sababu ya nini. Nikasema, ili mtoto wa watu amalize kusema.

Siku ikafika. Kiti cha mgeni rasmi kilikuwa mbele, nimekipangusa mwenyewe, na kilikuwa kitupu. Wasichana wa Tulia wakaitwa. Nikapiga rimu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasukuma komeo.

Walikuwa katikati mlango ulipogongwa.

"Fungua," ilikuwa sauti ya mmoja wa wapambe wake.

Niliweka mdomo kwenye ufa. "Mchezo ukiisha, baba. Si muda mrefu."

Nikasikia sauti nyingine, nzito. "Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee. Kiti chako kipo, hakuna aliyekikalia. Tungoje huyu mtoto amalize."

"Nani amekupa amri?"

"Komeo," nikasema. Sijui lilinitoka wapi.

Nyayo zikasogea mbali. Nikadhani ameondoka. Kumbe mtu alimwonyesha mlango wa pembeni, ule wa kuingizia viti na vifaa, ambao haukuwa na komeo. Na mlango ule, jamani, haukuelekea kwenye mabenchi. Ulielekea jukwaani.

Alitokea katikati ya mchezo, kofia kichwani, usinga mkononi, koti la suti limefungwa vifungo vyote. Wapambe wake walipoona taa na watu wakarudi nyuma wakamwacha peke yake. Jukwaani baba na binti walikuwa wanangoja wazee wa kuleta mbuzi wa ntheo, wale mbuzi wanaofungia uchumba wetu. Watu walidhani ndiye mzee mwenyewe amefika. Mimi nilijishika kichwa.

Ndinda alimtazama. Nilijua anamtambua, maana nani angesahau. Akavuta kigoda akakiweka mbele yake, akapiga goti moja.

"Karibu, mzee. Keti."

Angefanya nini, na macho yote yale? Akaketi.

Ndinda hakumgeukia baba yake kama walivyofanya mazoezi. Alimgeukia yeye. "Mzee, kabla hujataja mbuzi, naomba kuuliza. Una binti?"

Yule mtu akatazama huku na huku. "Ninaye," akasema, kwa sauti ndogo kuliko ile ya mlangoni.

"Anasoma?"

"Anasoma."

"Mimi nimekosa nini nisisome?"

Akavua kofia akaiweka magotini. Ndinda akaendelea na maneno yake yote aliyoyasahau mwaka uliopita, na machozi yakaja, na hakuna aliyekohoa. Mgeni rasmi alikaa kwenye kigoda kile mpaka pazia likafungwa. Niliposikia makofi, nilikaa chini pale pale mlangoni.

Walikuwa wa pili. Wa pili. Mpaka leo nawachukia wale waamuzi. Lakini kikundi hakikuvunjwa. Mgeni rasmi aliwapa mikono wote, alipofika kwangu akanipita.

Jumamosi ya wiki ile ile nilinunua komeo la pili nikalipigilia mwenyewe kwenye mlango wa pembeni. Wiki iliyofuata Afisa aliniita akaniambia nimehamishiwa Tawa, upande wa Makueni. Hakusema ni nani aliyeomba, nami sikumuuliza. Watu walinipa pole nikawaambia wabaki nayo. Nilikuwa nimejua bei kabla ya kununua.

Ukumbi wa Tawa ulikuwa wa mabati, na mlango wake ulikuwa umelegea bawaba zote. Nilisumbua ofisi hadi fundi akaletwa. Nilikaa huko mpaka nilipostaafu katika miaka ya tisini. Siku za mwisho vijana walikuwa wamezoea vibanda vya video, wakija kwenye mchezo wanaongea kana kwamba wako sokoni. Niliwaambia kitu kimoja: video haikusikii. Huyu anakusikia. Ukisema amechosha, amekusikia, na bado ana kurasa za kusema mbele yako. Wengine waliona aibu. Wengine niliwatoa.

Mwaka mmoja baada ya kustaafu, mjukuu wangu Mwende aliniambia, "Susu, bibi yangu, shule yetu inaenda kuigiza Kitui, na mimi nina sehemu." Ukumbi ni ule ule. Niliamka mapema, nikavaa gauni la kanisani, lakini gari lilitufia njiani na nikafika jasho linanitoka, rimu imeshapigwa mara ya tatu.

Mlangoni alikuwa msichana ambaye sijawahi kumwona. Alitoka nje akaurudisha mlango nyuma yake taratibu, jambo lililonipendeza.

"Ngoja mchezo uishe, susu."

"Mjukuu wangu ndiye yuko ndani. Ni huu huu mchezo."

"Pole. Nitakuingiza ukiisha."

Maneno yalinipanda mpaka kwenye ulimi. Unajua mimi ni nani? Nikayameza, na yalikuwa machungu. Nikamuuliza, "Na mlango wa pembeni?"

"Ule una komeo," akasema. "Sijui nani aliliweka, lakini limekaa ngumu."

Nikamwambia arudi ndani afunge, asije akakosa kazi kwa ajili yangu. Alipofunga nilisikia chuma kikiingia mahali pake. Nilikunja leso nikaikalia kwenye ngazi, nikaegemeza sikio mlangoni. Sauti ya Mwende ilinifikia kupitia mbao, neno kwa neno mpaka mwisho, na hakuna mtu aliyemkatiza.