Vitabu vya Mashua na Magugu ya Homa Bay

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maktaba ya Migori, Mkutubi Mkuu alinipa mhuri wa tarehe akaniambia kazi yangu ni kitabu kutoka na kitabu kurudi, basi. Nyinyi wa kompyuta hamjui: kila kitabu kilikuwa na kadi mfukoni, ndani ya jalada. Mtoto akiazima, kadi ilibaki kwangu na jina lake.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa Homa Bay. Huko nilikuta vitabu kumi na viwili vya hadithi za watoto wa ng'ambo ambao kila likizo hutweka tanga peke yao na kupiga hema visiwani. Vilikuwa vimejaa vumbi. Mimi, kwa kiherehere changu, nikawaambia watoto kwamba ziwa la hadithi ni letu hili, nikawachorea ramani ukutani. Vitabu vikaanza kugombewa, nami nikavimba kichwa.

Likizo ya Agosti, adhuhuri, mama mmoja aliingia akihema. Binti zake wawili walikuwa hawajaonekana tangu asubuhi. Mume wake alikuwa amekwenda kisiwa cha Mfangano kwa boti ya abiria kununua samaki, na mtumbwi wake aliouacha haukuwa ufukweni. Nilipekua kadi. Wasichana wale walikuwa na kitabu cha nne, cha kisiwa cha mawe. Kwenye ramani yangu, kisiwa hicho nilikiweka ng'ambo ya ghuba, na ghuba ilikuwa imezibwa na magugu maji ambayo hata boti za injini zilikwama ndani yake.

Nikawaelekeza wavuvi upande huo. Nilisimama ufukweni hadi jua likapinda, nikiogopa hata kumtazama yule mama. Wavuvi waliwakuta wasichana katikati ya magugu, wanalia, lakini wazima.

Mkutubi wa Wilaya alinifokea. "Madam, hapa tunaazimisha watu vitabu. Hatupeleki watoto majini."

Kesho yake baba yao akaja. Nilijua nimekwisha. Aliweka kitabu mezani, kimelowa chote, akasema yeye hakusoma shule.

"Madam, nisomee pale baba ya hao watoto wa kitabuni anawaambia sawa, nendeni."

"Hakuna pahali kama hapo," nilimjibu. "Baba yao hayuko kwa hii hadithi."

"Lakini mimi niko. Na nyumbani kwangu si mbali. Mbona hukuniuliza?"

Nimestaafu sasa, na watu huniuliza kama najuta kuwapa watoto hadithi zile. Hadithi sizijutii hata moja. Ninachojuta ni kwamba nilijua kila mtoto anasoma nini, na sikuwahi kumwambia mzazi yeyote.