Kaburi la Mguu wa Mama

Mama alikatwa mguu wa kulia, chini kidogo ya goti, miaka miwili baada ya kufika Toronto. Kisukari kilianza na kidole kimoja, kikapanda. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake, maana Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Kazi yangu ni kuogesha na kulisha wazee katika nyumba ya kulelea wazee kule North York, kwa hiyo muuguzi alipokuja na karatasi za kusaini nilisimama kando ya kitanda nikijiona mwenyeji.

Aliuliza kama familia ingependa kukabidhiwa mguu baada ya upasuaji. Aliuliza kwa upole tu, bila kushangaa. Bila shaka wapo wanaotaka. Mama akanitazama, akisubiri kujua kilichosemwa. Nikamwambia, "Anauliza kama kuna dawa zinazokudhuru." Kisha nikamjibu muuguzi kwamba hapana, hospitali iushughulikie.

Niliona haya, ndiyo sababu pekee. Nilijiwazia ndani ya basi la kurudi Weston, mguu wa mama yangu umo kwenye boksi mapajani, nikifika nyumbani niuweke wapi, kwenye friji? Na zaidi ya hayo sikutaka yule muuguzi anione mshamba. Hivyo mguu wa mama ukachomwa moto pamoja na taka za hospitali, na ruhusa nilitoa mimi.

Kwetu Uvira, tulikotoka, hakuna afanyaye hivyo. Baba mdogo alipokatwa mkono, wanaume wa ukoo waliufuata hospitali, wakauviringisha kwa kitenge kipya, wakachimba shimo nyuma ya nyumba, na mzee wa kanisa akaomba. Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alikuwa akilipalilia kaburi hilo mwenyewe kwa mkono uliobaki, na alipokufa tulimzika kando ya mkono wake. Watu wetu wanaamini ufufuo bila kona kona: mwili utakaoamka ni huu huu, basi ni vizuri ukutwe mahali pamoja.

Siku ya nne mama alipata nguvu za kukaa, na jambo la kwanza alilouliza lilikuwa hilo.

"Mguu yangu mulipeleka wapi?"

"Tuliuzika, mama."

"Mulizika fasi gani?"

Nikasema Pickering, kwa kuwa ndiko kanisa letu linakozika watu wake. Akauliza nani aliomba. Nikasema pasta. Akauliza kitenge gani. Nikasema kile cha bluu. Akamshukuru Mungu, akalala usingizi mzuri kuliko wangu.

Ilinibidi nimwendee pasta kabla mama hajamshukuru mbele ya watu. Alisikiliza, akakuna kichwa, akaniambia nimweleze mama ukweli, kwa kuwa aliyeumba mtu kwa udongo hashindwi na mguu mmoja. Nilimwomba aanze yeye kumwandaa. Akaja nyumbani, akafundisha vizuri sana kuhusu mwili mpya, mwili wa utukufu, usio na kisukari. Mama alimwacha amalize, akamwongezea chai.

"Pasta, Yesu alifufuka na mikono yake ile ile, na matundu ya misumari. Hakupewa ingine. Na kaburi walikuta ni wazi, hakuacha kitu ndani."

Pasta akanywa chai yake. Akaimaliza, akaaga.

Majira ya joto mama akadai kupelekwa Pickering. Nikaazima gari. Nilisukuma kiti chake cha magurudumu mpaka karibu na uzio wa makaburi, nikachagua kipande cha majani kisichokuwa na jiwe, nikasema ni hapa. Akataka nimsogeze zaidi. Aliinama hata nikaogopa ataanguka, akapapasa majani, akaanza kuongea na mguu wake, kama mtu anavyomuaga mtoto anayemwacha kwa jirani: utulie, usihangaike, nitakuja. Halafu akanigeukia.

"Siku nikikufa, munizike hapa hapa. Sitaki siku ya parapanda nianze kuutafuta nikiruka na mguu moja."

Nililia. Alidhani nalilia kifo chake, akanifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akanitania kwamba mtu mzima anamlilia mtu mzima ambaye bado anapumua. Pale ndipo ningesema. Lakini yeye alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu tufike nchi hii. Nikamgeuza, tukarudi kwenye gari.

Figo zilimmaliza mwaka uliofuata. Watu wa ofisi ya makaburi walinipa nafasi nzuri, yenye mti na kivuli, nikaikataa. Niling'ang'ania karibu na uzio, nikabishana nao mpaka wakachoka, mimi, mtu pekee duniani, ukimwacha pasta, aliyejua kwamba pale hapakuwa na kitu. Pasta alihubiri ufufuo bila kunitazama. Akina mama wa kanisa wakanikumbatia mmoja mmoja: usilie, dada, mutaonana.

Hilo ndilo linalonimaliza. Kama ningekuwa nimeacha kuamini ningepumzika, lakini naamini, tena kwa namna ile ile ya mama. Namwona akiamka kando ya uzio, akifukua udongo kwa mikono, asikute kitambaa wala mfupa, kisha akiniita kwa jina na kuniuliza tena mulizika fasi gani. Kila Jumapili kanisa zima linaomba Bwana arudi upesi, na wote wanaitikia amina. Mimi nafunga mdomo, na moyoni naomba asije.