Tambi Tamu za Pasikali

Esteri alirudi kutoka shamba la Heru Juu mgongo ukimuuma, jembe begani, na badala ya kukaa chini kama mtu mwenye akili zake, akawasha jiko la mkaa. Jamani, mama huyu alikuwa amechoka! Hata salamu za majirani aliziitikia kwa kichwa tu. Lakini ndani, kwenye kiti cha kamba, alikaa mumewe Pasikali, na Pasikali alikuwa hataki kula.

Maradhi ya kusahau yalimwanza kwa funguo, yakaja kwa majina ya watu, na sasa yalikuwa yamemfikia mkewe: Pasikali hakumtambua tena. Kila akiletewa bakuli alilitazama, akamtazama aliyelileta, akafunga mdomo. Ugali, uji, maharage, vyote vilirudi jikoni. Asubuhi hiyo Rabia, muuguzi kutoka Tanga aliyepanga nyumba ya jirani, hakumficha Esteri kitu.

"Mama Claudine, mzee anakwisha. Asipokula leo, kesho tumlaze. Watamlisha kwa mpira wa puani."

"Mpira! Huyu ataung'oa, mwanangu. Mtamfunga mikono kitandani?"

Rabia aliangalia chini.

Ndiyo maana Esteri akakumbuka tambi. Ujanani alipika kwa masista wa misheni, na sista mmoja wa Kiitaliano akamfundisha kutengeneza tambi za kujazwa vitu vitamu, za kumalizia chakula. Masista walitia jibini na zabibu kavu. Sasa Kasulu zabibu kavu utazitoa wapi? Nyumbani kwake Esteri alitia ndizi mbivu na karanga za kusaga, juu akamwagia asali ya Kibondo. Siku Pasikali alipozila mara ya kwanza alicheka sana, akasema baba mkwe alimhurumia, kwa mke huyu angedai ng'ombe wengine.

Basi akakanda unga wa ngano na mayai, mabega yakimwaka moto. Akaufunika kwa kitambaa kibichi upumzike. Heri unga, ulipata kupumzika. Akausukuma mpaka ukawa mwembamba, akakata miduara kwa mdomo wa kikombe, kila mduara akautia kijiko cha ndizi na karanga, akaukunja ukawa kifuko, akabana kingo kwa uma zisifumuke. Vifuko vilipoelea kwenye maji yanayochemka akaviopoa, akavimwagia asali. Akaonja kimoja palepale jikoni, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akapeleka sahani.

Pasikali akaitazama sahani. Akamtazama yeye. Akafunga mdomo.

Hapo Esteri alipandwa na hasira, tusimsitiri bure. "Unataka nifanye nini tena, Pasikali? Nimechoka! Unasikia? Nimechoka na wewe!"

Machozi yakamtoka. Akajitupa kwenye mkeka, na kwa kuwa tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni ila kile kimoja cha kuonja, akachukua kifuko kimoja akala, hapo hapo mbele ya mzee, asali ikimchuruzika vidoleni.

Mkono wa Pasikali ukanyooka. Akachukua kimoja, akala. Akachukua kingine.

Esteri aliacha kutafuna. Kwao, mgeni hali wala hanywi kabla aliyemkaribisha hajaonja mbele ya macho yake, aone hakuna sumu. Mume na mke hawafanyiani hivyo, ya nini? Kumbe siku zote hizo yeye alikuwa akionja jikoni kama mke, na mzee wa watu amekaa kwenye kiti akimsubiri mama asiyemjua aonje kwanza. Njaa ilikuwa inamuuma kama inavyomuuma mtu yeyote. Aliogopa tu, maskini, na hakuna aliyemwonjea.

Akaonja tena, taratibu, akihakikisha anaonekana. Pasikali naye akala. Rabia angechungulia mlangoni angepiga vigelegele.

Sahani ilipobaki na kifuko kimoja, Pasikali akakisukuma pembeni kwa kidole.

"Urakoze, mama," alishukuru, kwa upole wa mgeni anayejua kukaa nyumba ya watu. "Hiki mwekee mke wangu, Esteri. Yuko shambani. Atarudi amechoka."

Esteri akachukua bakuli, akakifunika.

"Nitamwekea, mzee."